Jiko la safari: tusinunue moto ambao hatutaupata njiani



Safari hii hatuongelei masomo wala vyeti. Tunaongelea jiko. Msicheke kwanza. Kikundi chetu kina mfuko mdogo, pesa za michango na za sabuni tuliyouza, na kamati ya matembezi inataka kununua jiko la kubeba tunapopanda vilima na kulala huko. Hapo ndipo tumegawanyika. Wengine wanataka kale kajiko ka gesi wanakokaona kwenye video, kanakokunjwa kakawa kama ngumi: unakafunga juu ya kopo la gesi, unawasha, chai tayari. Wengine wanasema, ya nini kununua? Si tuna mbabula ya makala? Tubebe ile ile.

Sisi tunaoandika hapa tunaona pande zote mbili zimekosea, na kosa la upande wa pili lilikuwa karibu lituue watu. Ndiyo maana tunaandika sasa, kabla ya kikao cha Jumamosi.

Sufuria ya mama

Tuanze na mama mmoja wa Juru. Tulipoanza haya matembezi alituita, akatuuliza: "Wanangu, miguu yenu haijachoka? Mimi nilitoka Rutshuru mpaka Bunagana na sufuria kichwani. Sitaki tena." Tukamjibu, "Mama, ile ilikuwa ya kukimbia. Hii tunajua siku ya kurudi." Akacheka. Kisha akatuambia kitu ambacho hatukukielewa siku ile, tumekuja kukielewa baadaye.

Alisema siku anaondoka nyumbani alibeba mbabula na sufuria yenye kifuniko. Mbabula aliiacha njiani siku ya kwanza tu, ilimshinda uzito. Sufuria hakuiacha. Kiberiti alikifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka ndani ya sufuria, akafunika. "Mawe matatu utayakuta kila mahali," alisema, "lakini sufuria hutaikuta."

Huyo mama hajawahi kuona duka la vifaa vya kupanda milima. Lakini alishajua lile ambalo sisi tumelijua kwa kuumia: njiani unabeba kile usichoweza kukikuta, na unapika kwa moto wa pale ulipo. Ukichagua jiko bila kuuliza moto wake utatoka wapi, umebeba chuma tu.

Usiku wa makala

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, tulikwenda vijana kumi na wawili upande wa Rubondo. Tulibeba sigiri, kama wenyeji wanavyoita mbabula, na mfuko wa makala. Tulipika vizuri, tukala wali na ndagala, tukaimba. Saa nne usiku mvua ikaja na baridi. Tulikuwa na turubai moja kubwa, tukalishusha mpaka chini pande zote, tukalikandamiza na mawe ili maji yasiingie. Na sigiri? Ilikuwa bado ina makala mekundu, mazuri kabisa, hayana moshi. Tukaingiza ndani tupate joto. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Tunalisema hili kwa sababu sasa kila mtu anadai alikataa.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja aliyeamka kutaka kukojoa. Akasimama, akaanguka. Akadhani ni usingizi, akasimama tena, akaanguka tena. Akatambaa mpaka nje, akatapika, akili ikamrudia kidogo, akaanza kuvuta turubai huku anapiga kelele. Tulitoka tukiwa tumelewa bila pombe. Wawili hawakutoka, tuliwaburuta kwa miguu mpaka kwenye mvua. Mmoja wao, dada yetu mdogo kuliko wote, alifumbua macho baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Tulimpakia boda usiku ule ule mpaka kituo cha afya. Yuko mzima leo, Mungu ashukuriwe, na ametupa ruhusa ya kuandika haya.

Sasa sikilizeni. Makala yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, tena inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma, unalegea, unasikia kichefuchefu, halafu usingizi mtamu. Usingizi huo ndio wenye kuua. Sisi tulizoea kuogopa moshi, tukaona pasipo na moshi hapana hatari. Kumbe kuni zenye moshi zingetufukuza nje mapema. Makala yalituacha tulale.

Na si hema tu. Wangapi hapa tunaingiza mbabula chumbani wakati wa baridi, tunafunga mlango na dirisha? Kama umeamka asubuhi na kichwa kizito na watoto wamelegea, usiseme ni malaria kabla hujaangalia kule ulikoweka makala. Mkiona mtu yuko hivyo, mtoeni nje kwenye hewa mara moja, halafu kituo cha afya, hata kama anasema amepona.

Siku ya panga

Baada ya hapo tukasema basi, makala hatubebi tena, tutapika kwa mawe matatu kama zamani. Safari iliyofuata tulibeba panga. Kwa mawe matatu, watu kumi na wawili, unahitaji kuni nyingi: moto unatawanyika pembeni, upepo unaubeba, sufuria inapata kidogo tu. Kuni zilizoanguka zikaisha, tukaanza kukata matawi ya mgunga.

Mwenye ng'ombe wa pale akatokea. Hakupiga kelele. Alisimama akaangalia panga, akaangalia rundo la matawi mabichi, akasema kwa Kinyankole maneno ambayo mmoja wetu alitutafsiria: "Mnapika chakula cha siku moja kwa mti wa miaka kumi." Tulimwomba radhi, tukamwachia zile kuni, tukala mikate mikavu.

Tungeweza kuandika hapa kwamba wenyeji wanatuchukia. Si kweli, na ninyi mnajua si kweli. Lakini kuni ni jambo gumu katika makambi yote. Mama zetu na dada zetu wanatembea mbali kuzitafuta, wengine wanarudi wamepigwa, wengine wamefanyiwa mabaya zaidi ya hayo. Vilima vilivyokuwa na miti sasa vina majani tu, na mwenyeji na mkimbizi wote wanatafuta kijiti kile kile. Halafu sisi vijana, kwa matembezi ya kujifurahisha, tunakwenda kukata miti kwenye ardhi ya mtu? Yule mzee alikuwa na haki.

Basi si tununue gesi?

Hapo ndipo wenzetu wa gesi wanaposimama na kusema, mnaona? Gesi haikati mti, ni ya kisasa. Tunawaheshimu, na kwa kupikia nyumbani tunakubaliana nao kabisa: anayeweza kujaza mtungi, ajaze. Lakini tunaongelea jiko la kubeba mgongoni, kwa watu kumi na wawili, hapa Isingiro. Tuhesabu pamoja.

Ule mtungi wa kilo 6 tunaoufahamu, ukiwa umejaa unakaribia kilo 13, kwa sababu chuma chenyewe ni kizito kama gesi iliyo ndani au zaidi. Nani ataubeba kupanda kilima? Na yule atakayeubeba ataacha maji?

Kale kajiko ka video kanatumia kopo dogo la kutupa, la gramu 230 hivi. Kopo moja, bila upepo, linachemsha maji lita 12 mpaka 15. Kwa mtu mmoja anayekunywa kahawa na kupika tambi, hiyo ni siku kadhaa. Kwa watu kumi na wawili, chai ya jioni, wali, mboga, na uji wa asubuhi, kopo limeisha kabla hatujateremka. Na kopo likiisha halijazwi tena, unanunua jingine. Wapi? Tulizunguka Mbarara siku nzima na picha kwenye simu, tukionyesha duka kwa duka. Hatukulipata hata moja.

Kuna na hili: kajiko kale kametengenezwa kwa kisufuria kidogo. Ukikapandisha sufuria ya lita kumi, kanayumba, maji ya moto yanamwagikia miguuni. Na ukitaka kuzuia upepo kwa kukazungushia bati, kopo la gesi linapata joto na linaweza kulipuka. Kwa hiyo hata upepo wa kwetu kanashindwa nao.

Msituelewe vibaya. Kuna mahali gesi ndiyo jibu. Angalieni Ruwenzori, mlima wetu wa pande mbili, Congo huku na Uganda kule, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109. Kule juu kuna barafu, na chini yake matope na ukungu, kijiti kikavu hukipati. Anayepanda kule abebe gesi au mafuta. Hata hivyo si kila gesi: butani peke yake, joto likishuka kufika sifuri, inakataa kugeuka mvuke, jiko linazimika mikononi mwako. Ndiyo maana makopo ya mlimani yanachanganywa na propani, ambayo inavumilia baridi kali sana. Siku tutakapokwenda Ruwenzori tutaandika makala nyingine, na mfuko wetu utakuwa umenona. Kwa sasa tunapanda vilima vya Nakivale, na vilima vya Nakivale havina barafu.

Mafuta ya taa na spiriti, kwa kifupi

Mzee mmoja alituambia tununue Primus. Vijana wote wakapiga makofi, kwa maana Congo, Rwanda na Burundi Primus ni bia. Mzee alikuwa anasema lile jiko la mafuta ya taa la kupampu, lililobuniwa Sweden mwaka 1892, ambalo lilikwenda mpaka juu ya Everest mwaka 1953. Ni jiko la nguvu kweli. Lakini linahitaji mtu anayelijua, sindano ya kuzibua tundu, na mafuta safi. Mafuta yaliyochanganywa na petroli yanalipuka. Na chupa ikivuja ndani ya begi, wali wote unanuka taa.

Jiko la spiriti ni jepesi na halina kitu cha kuharibika. Ubaya wake, mchana moto wake hauonekani. Mtu anadhani umezimika, anaongeza spiriti, chupa inawaka mkononi. Kwa kikundi chenye wadogo zetu wa miaka kumi na minne, hatulitaki.

Jiko tunalolitetea

Tunalolitetea linatokana na makopo. Lile kopo la mafuta ya kupikia la lita 4, la msaada, ambalo kila nyumba inalo moja linalotumika kuchotea maji. Wenye ujuzi wanaliita roketi, kwa sababu ya sauti yake likiwaka vizuri.

Linakwenda hivi. Unachukua kopo hilo kubwa, unatoboa tundu la duara upande wa chini. Unaingiza makopo membamba ya nyanya au ya maziwa, moja limelala kupitia lile tundu, jingine limesimama katikati, yamekutana kama kiwiko cha mkono. Kijiti kinaingia kwa mlango wa chini, moto unapanda kwa bomba lililosimama. Bomba hilo liwe na urefu wa mara mbili au tatu ya upana wake, ndipo linavuta hewa. Nafasi iliyobaki kati ya bomba na kopo kubwa unajaza majivu makavu. Si mchanga, si udongo. Mchanga na udongo ni vizito, na vinakunywa joto lililotakiwa kwenda kwenye sufuria. Majivu ni mepesi na yanalizuia.

Ndani ya mlango weka kibati kidogo katikati, vijiti vilale juu yake na hewa ipite chini. Watu wengi wanasahau hicho kibati, halafu wanalalamika jiko linatoa moshi. Juu weka vyuma vitatu vifupi ili sufuria isizibe bomba, nafasi ya unene wa kidole inatosha. Na usitumie bati la mabati ya nyumba: lile limepakwa zinki, na zinki ikiungua moshi wake ni sumu.

Jiko hili linakula nini? Vijiti vya unene wa kidole, vilivyokauka, vilivyoanguka chini. Vishina vya mahindi. Magunzi. Hakuna panga. Unasukuma kijiti ndani kadiri ncha inavyoungua, ukitaka moto mdogo unakivuta nje. Kwa sababu ncha tu ndiyo inaungua, na kwenye bomba lenye joto kali hata moshi unaungua, unatumia kuni kidogo sana kuliko mawe matatu. Tulilijaribu mwezi uliopita nyuma ya kanisa: vijiti ambavyo mtoto alibeba kwa mkono mmoja vilichemsha lita nne za chai, na vikabaki.

Lina makosa yake, hatufichi. Makopo ni membamba, yanaungua yanatoboka baada ya miezi michache, itabidi kutengeneza jingine. Sufuria inakuwa nyeusi. Lazima mtu akae pale anasukuma vijiti, huwezi kuliacha ukaenda kupiga picha. Mvua ikinyesha na hukuficha vijiti vikavu ndani ya mfuko, utalala njaa. Na moto wake ni moto kama mwingine: haliingii ndani ya hema wala chini ya turubai lililofungwa, hata likiwa limebaki na majivu mekundu tu. Hilo hatutaki kulirudia mara ya pili.

Sufuria ndiyo jiko la pili

Tukirudi kwa mama wa Juru. Kifuniko chake ni nusu ya kuni zetu. Maji yasiyofunikwa yanapeleka joto angani. Na kuna njia ambayo mama zetu wanaijua na sisi tumeiacha: chakula kikichemka vizuri, kitoe motoni, kifunike, kifunge ndani ya blanketi na masweta, kiweke ndani ya begi. Kitaendelea kuiva chenyewe. Wali uliochemka dakika tano, ukifungwa hivyo, baada ya dakika arobaini umeiva. Hauungui, na mpishi amekwenda kucheza mpira.

Maharage yanataka akili zaidi. Loweka usiku kucha nyumbani, mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu dakika zisizopungua kumi kabla ya kuyafunga, kwa sababu maharage mekundu mabichi yana sumu ya tumbo ambayo joto dogo haliiondoi. Saa mbili tatu ndani ya blanketi, kisha yarudishe motoni kidogo. Mkumbuke pia kwamba kadiri mnavyopanda juu, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Hapa kwetu si kitu kikubwa. Lakini wale wa Goma, waliopo mita 1,500, ndiyo maana maharage yenu yanachelewa kuiva, msimlaumu mpishi.

Tunachoomba Jumamosi

Tunaomba kikao kisinunue kajiko ka gesi. Pesa hiyo inunue sufuria mbili nzuri zenye vifuniko, moja ya lita kumi na moja ya lita tano, blanketi moja zito la kufungia, na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye dawa ya kuungua. Makopo tutaleta wenyewe. Majivu yapo. Tutengeneze majiko mawili, si moja, ili chai na chakula viende pamoja.

Na tunaomba kitu kingine kisicho cha pesa. Kabla ya safari, watu wawili waende kwa mwenye ardhi, wamwambie tunakuja, tunaokota vilivyoanguka tu, hatuna panga. Yule mzee mwenye ng'ombe tuanze na yeye. Tukipika, tumkaribishe chai.

Wale wa gesi, hatujawafunga mdomo. Njooni na hesabu zenu: kopo linauzwa wapi, linapikia watu wangapi, nani analibeba. Mkituonyesha, tutabadilika.

Dada yetu mdogo, yule wa usiku wa makala, ameomba yeye ndiye ashike zamu ya moto safari ijayo. Tumekubali. Amesema kila mtu atalala, yeye atahakikisha kwanza jiko limezimwa kwa maji, nje, mbali na turubai. Anayekuja alete kopo moja la lita 4, vijiti vyake vikavu ndani ya mfuko, na kikombe.